Dada wa kazi ameondoka: watoto wa miaka 11, 8 na 2, kazi za nyumbani tuzigawe vipi?

KigodaChaBibi

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa vitendo. Nyumba iko Tabata, vyumba vitatu, sakafu ya marumaru, maji ya bomba hutoka siku mbili kwa wiki, kwa hiyo kuna pipa la lita 200 na madumu. Jiko ni la gesi, mtungi wa kilo 15. Wazazi wote wawili tunatoka saa 12 asubuhi na kurudi saa 1 usiku. Watoto ni watatu: wa kiume miaka 11, wa kike miaka 8, na mdogo wa miaka 2 anayeshinda kituo cha kulelea watoto. Dada wa kazi ameolewa na tumekubaliana tusitafute mwingine, kazi zigawanywe humu humu ndani.

Nataka kujua nani anaweza nini kwa umri wake, unamfundishaje ili usije kurudia kazi yote usiku, na hatari ipi huwa inasahaulika. La pembeni: bibi yao anasema mtoto wa kiume akishika mwiko anaharibika. Hilo nalo nisaidieni kulijibu kwa adabu, maana ni mama mkwe.

Chelewa

Anza kwa kuliacha neno "nisaidie". Anayesaidia hana kazi yake. Anangoja kuitwa, na wewe unabaki msimamizi wa kila kijiko. Mpe mtoto kazi yenye kichwa na mkia. "Vyombo vya usiku" maana yake kutoa mezani, kufuta mabaki, kuosha, kusuuza, kupanga kichanjani, kufuta sinki na kupeleka taka nje. Sinki likibaki na mafuta, vyombo havijaoshwa. Mwambie hivyo siku ya kwanza, si siku ya kumgombeza.

Kufundisha kuna hatua nne: anaangalia, mnafanya pamoja, anafanya ukiwa jirani, anafanya peke yake nawe unakagua. Kila hatua siku tatu au nne. Hiyo ni kama wiki mbili kwa kazi moja, na usimwanzishie kazi ya pili kabla ya kwanza haijashika. Wengi wanakwama kwa sababu wanagawa kazi zote Jumamosi moja, ikifika Jumatano kila mtu amechoka na mama amerudi jikoni.

Ukikagua, kagua naye akiwepo na utaje kosa moja tu. Usirudie kuosha kwa siri akishalala. Asubuhi akikuta sufuria inang'aa kuliko alivyoiacha, ameshajifunza kwamba kazi yake haihesabiki.

Vyombo sasa. Mabeseni mawili, maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji kijiko kimoja cha chakula kwa lita tano. Povu jingi halisafishi zaidi, linakula maji ya kusuuzia, na kwenu maji ni ya kuhesabu. Glasi kwanza, kisha vikombe, sahani, mwisho masufuria. Ukianza na sufuria la mchuzi, glasi zote zitanuka vitunguu. Visu haviingii beseni lenye povu kamwe, kwa sababu mkono hauoni. Vioshwe kimoja kimoja na mtu mzima au huyo wa miaka 11. Sufuria la ugali lilowekwe maji baridi nusu saa, ukoko unabanduka wenyewe. Ya moto yanaufanya unga ushike zaidi. Sitiliwaya ni kwa alumini tu, isiguse kikaango chenye rangi ya kuzuia kugandisha.

Wa miaka 8 asisimame kwenye sinki la watu wazima. Kiwiko kikiwa chini ya ukingo, maji yanamtiririkia hadi kwapani na mabega yanauma, halafu mnasema ni mvivu. Weka beseni juu ya kigoda kipana au benchi, kimo cha kiuno chake.

Deki: fagia kwanza. Inaonekana jambo dogo lakini ndilo linaloharibu deki nyingi, vumbi likilowa linakuwa tope jembamba. Ndoo mbili, moja ya sabuni (kifuniko kimoja cha chupa kwa lita tano, basi), moja ya kusuuzia tambara. Tambara likamuliwe mpaka lisidondoke tone. Aanze kona ya mbali na kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Marumaru yakibaki na ukungu mweupe au yakinata mguuni, sabuni ilizidi, na hapo ndipo watu wanapoteleza.

Uwanja ni wa yeyote. Nyunyiza maji kidogo kabla ya ufagio wa chelewa, la sivyo vumbi linahamia madirishani na kazi inaanza upya.

Kata_na_Upawa

Kwa kijana wa miaka 11, jikoni aanze na vitu vinavyosamehe makosa. Uji ndiyo darasa zuri: maji nusu lita, unga vijiko vinne vya chakula. Unga ukorogwe kwanza na maji baridi kwenye kikombe, ndipo umiminwe kwenye maji yanayochemka huku anakoroga. Ukimwaga unga mkavu kwenye maji ya moto unapata mabumba, nje yameiva ndani makavu, na hakuna mwiko utakaoyavunja. Kisha dakika kumi moto mdogo.

Baada ya uji, mayai ya kuchemsha, maharage yaliyokwisha kuchemshwa kuungwa, halafu wali. Wali kikombe kimoja cha mchele kwa kimoja na nusu hadi viwili vya maji. Mchele mpya hunywa kidogo, wa zamani hunywa zaidi, kwa hiyo mkinunua gunia jipya mjaribu upya kipimo. Kukaanga kwa mafuta mengi hapana, hata kama ni hodari. Chapati za kusukuma anaweza, kuzipika abaki mtu mzima.

Sheria moja iandikwe ukutani: sufuria lenye kitu cha moto halitembei. Sahani ndiyo inaifuata sufuria jikoni, chakula kinatolewa kwa upawa. Mikono ya sufuria na kikaango igeuziwe ukutani. Mafuta yakishika moto, zima gesi, funika kwa mfuniko, usimwage maji, usiibebe nje. Fanyeni zoezi hilo kwa sufuria tupu mara kadhaa, mkono uzoee.

ZamuYaUsiku

Nijibu lile la hatari zinazosahaulika, na nianze na wa miaka 2 kwa sababu yeye ndiye anayeumia kwenye kazi za wengine.

Ndoo ya deki. Mtoto wa umri huo kichwa ni kizito kuliko uwezo wake wa kujinyanyua. Akiinama ndoo ikamshinda, sentimita chache za maji zinatosha kumzamisha, na hapigi kelele. Ndoo ikimaliza kazi inamwagwa na kufunikwa kifudifudi. Pipa liwe na mfuniko unaobana. Na wa miaka 8 asiachiwe kumwogesha mdogo wake hata kwa "dakika moja tu".

Chupa za soda. Mafuta ya taa, jiki, sabuni ya maji ya kupimiwa dukani, vyote vinaishia kwenye chupa za soda na maji ya kunywa. Mtoto akinywa mafuta ya taa usimtapishe na usimlazimishe maziwa. Yakirudi juu yanaingia kwenye mapafu, na hapo ndipo madhara makubwa yalipo. Mpeleke kituo cha afya na chupa yenyewe.

Jiki isichanganywe na dawa ya chooni yenye asidi. Zikikutana zinatoa gesi ya klorini, na choo cha ndani hakina hewa. Watoto hupenda kuchanganya wakidhani zikiwa mbili ni kali zaidi. Ushauri wangu ni mkali: kazi ya choo kwa mtoto iwe ya brashi na sabuni ya kawaida tu, dawa ashike mtu mzima.

Vitambaa vya meza vinavyoning'inia viondoeni. Mtoto anavuta, chai inamshukia kifuani. Akiungua, maji safi ya bomba yanayotiririka dakika 20. Bomba likiwa kavu, mimina kwa kata kutoka dumu polepole muda huo huo. Dawa ya meno, asali, unga na mafuta visiguse jeraha.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatandaa sakafuni. Ukisikia harufu, fungua milango na madirisha, funga mtungi, usiguse swichi yoyote ya umeme, si kuwasha si kuzima. Kagua viungio kwa povu la sabuni kila ukibadilisha mtungi. Povu likitoa mapovu mapya, kuna uvujaji. Mpira ukionyesha nyufa ndogo ukiukunja, badilisha.

Pipa la maji: mbu wa homa ya dengue anataga mayai kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya maji. Kumwaga maji peke yake hakuyatoi. Mara moja kwa wiki lisuguliwe ndani kwa brashi, kwa sababu yai kufika kuwa mbu ni siku saba hadi kumi hivi. Kusugua pipa ni kazi nzuri ya kijana wa miaka 11. Kubeba ndoo ya lita 20 siyo, hiyo ni kilo 20. Wa miaka 8 mpe kidumu cha lita tatu.

Mnazi_Mkavu

Kuhusu bibi. Usimjibu kwa hoja za haki sawa, hamtaelewana. Mkumbushe anayoyajua mwenyewe. Pilau la harusi Pwani, lile la masufuria makubwa juu ya kuni, mara nyingi mpishi wake ni mwanamume. Dobi mwanamume. Enzi za ukoloni wafanyakazi wa ndani Tanganyika wengi walikuwa wanaume wazima, wakiitwa maboi, wakipika, wakifua na hata kulea. Kwamba kazi ya ndani ni ya msichana aliyeletwa kutoka kijijini ni desturi changa kuliko bibi anavyodhani.

Halafu umpe nafasi. Mwombe yeye ndiye amfundishe kijana kutengeneza tui: kukaa juu ya mbuzi, kukuna bila kufika kwenye ganda jeusi, kukamua tui zito, kuongeza maji na kukamua la pili, na lipi linaingia lini sufuriani. Mtu akishakuwa mwalimu wa jambo, ni shida kulipinga. Shikamoo yake umfikishie.

Kiroboto

Wote mmesema vizuri ila mmeruka saa. Wazazi wanarudi saa 1 usiku. Hao wawili wanatoka shule mchana au alasiri, kwa hiyo kuna masaa mengi hakuna mtu mzima ndani. Huo uji na wali anapika nani akiwa amesimamiwa?

Kwa ratiba hii, mchana hakuna moto. Mtungi ufungwe kwenye regyuleta asubuhi, kiberiti kiende na mzazi kama hamwaminiani. Pasi pia. Kijana ajifunze kupika Jumamosi na Jumapili na jioni mzazi akiwepo. Mchana wana kazi kavu: kufagia, kuanua nguo, kukunja, kuchambua mchele na maharage, kumwagilia, vyombo vya plastiki. Na awepo jirani mmoja anayejua kwamba wako peke yao, namba yake iandikwe mlangoni.

Jambo la pili, ukubwa wa mzigo. Wa miaka 8 nusu saa kwa siku ya shule inatosha, wa miaka 11 dakika 40 hivi, na kazi ya shule inatangulia. Mkizidisha hapo mmeondoa hausigeli mkaweka watoto wenu. Na mkibadili mawazo mkataka dada mwingine, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na huyo wa 14 ni kazi nyepesi tu isiyodhuru afya wala kumzuia masomo. Kile kisa cha "ni binti wa ndugu, tunamsaidia" hakibadilishi umri wake.

Kata_na_Upawa

Kiroboto amenisahihisha, nakubali. Basi niongeze chakula cha mchana. Msipike wali saa 11 alfajiri na kuuacha kwenye hotipoti mpaka saa 9 alasiri. Wali uliokaa vuguvugu masaa mengi unaotesha vijidudu vyenye sumu isiyokufa hata ukiupasha upya. Tumbo litauma na kutapika, na watasema ni malaria. Kama kuna friji, chakula kipoe haraka kwenye sinia pana, kiingie ndani yake, kiliwe baridi au kipashwe mzazi akiwepo. Kama hakuna friji: viazi vitamu au mihogo iliyochemshwa asubuhi, ndizi mbivu, mkate na siagi ya karanga, mayai ya kuchemsha ambayo hayajamenywa. Uji wa moto kwenye chupa ya chai nao wasiachiwe wadogo kumimina, chupa ni nzito.

KigodaChaBibi

Nimewasoma wote, asanteni. La moto mchana sikulifikiria kabisa, nimelichukua. Sasa mnisaidie sare: mashati meupe mawili kila mmoja, sweta, soksi nyeupe. Mashine ya kufulia hatuna.

PovuLaMche

Shati jeupe lisikae na uchafu mpaka Jumamosi, jasho la kola likikauka siku tano linageuka manjano. Mtoto akivua afanye jambo moja: alowanishe kola na vikwapa, apake sabuni ya mche, asugue kitambaa kwa kitambaa mara ishirini hivi, aache. Wa miaka 8 anaweza. Usiku mzazi au kaka yake anamalizia kwenye beseni dakika tano.

Soksi zigeuzwe nje-ndani, zilowekwe maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga nusu saa, si usiku kucha, kwa sababu uchafu uliotoka hurudi na harufu inaanza. Nyeupe peke yake. Sweta lisionje jiki na lisining'inizwe likiwa limelowa, litarefuka mikono. Likamue ndani ya taulo, litandaze. Suuza mara mbili mpaka maji yawe angavu. Sabuni inayobaki kwenye shati huungua kwa pasi, ikaacha mabaka ya manjano, halafu lawama anabeba pasi. Maji ya mwisho ya kusuuza msiyamwage, ndiyo ya deki ya kesho.

Kuanika: kwenye kamba, si majanini wala juu ya ukoka. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na mchanga, na funza wake huingia ngozini mtoto akivaa. Nguo ikauke kabisa, na ile iliyokaa kivulini ipigwe pasi kote, pamoja na mishono na lastiki za chupi.

Pasi kwa wa miaka 11: mzazi awepo, miguu mikavu, viatu vya mpira. Shati lipigwe likiwa na unyevu kidogo kwa mpangilio huu: kola, mabega, mikono, mgongo, mwisho mbele. Akianza mbele, anakunja upya alichonyoosha. Akimaliza, anachomoa kwenye soketi kwa kushika plagi, si kuvuta waya. Waya ukiwa na mahali pamefungwa kwa nailoni, pasi hiyo si ya mtoto, na kusema kweli si ya mtu yeyote.

Chandarua chenye dawa ni habari nyingine. Sabuni laini, maji baridi, hakisuguliwi, hakipigwi jiki, kinakaushwa kivulini. Kikifuliwa kila wiki dawa inaisha upesi.

ZamuYaUsiku

Naongeza moja kwa PovuLaMche. Binti ana miaka 8, lakini miaka michache ijayo atahitaji kujua kwamba damu inatolewa kwa maji baridi kwanza, ya moto yanaigandisha kwenye uzi. Mfundisheni pamoja na kaka yake sasa, kwa mfano wa goti lililochubuka. Ikifika siku yake haitakuwa jambo la kunong'ona.

Mtungi15

Mnagawia watoto na mama. Baba yuko wapi kwenye uzi huu? Kazi ya nyumbani ambayo haionekani ni kukumbuka: gesi inaisha lini, sabuni imebaki kiasi gani, mdogo anarudi kliniki lini. Baba wengi siku hizi wanaosha vyombo bila shida, lakini wanangoja kuambiwa, yaani nao wanasaidia tu, kama alivyosema Chelewa. Sheria yenyewe imempa likizo ya uzazi siku 3 tu, ndani ya siku 7 za kuzaliwa mtoto, wakati mama ana 84. Kenya wao ni wiki mbili. Kwa hiyo mwanamume anarudi kazini kabla hajajifunza chochote, na aliyekuwa nyumbani anakuwa mkuu wa kumbukumbu maisha yote.

Mpeni baba vitu vitatu kikamilifu. Cha kwanza gesi. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma shingoni. Pima mtungi kwa mizani ya bafuni, toa uzito huo, kinachobaki ni gesi. Apime kila Jumapili wiki nne, atajua nyumba inakula kiasi gani kwa wiki, na haitazima katikati ya maharage. Cha pili kadi ya mdogo: chanjo ya surua ni miezi 9 na miezi 18, aikague kama zote mbili zimejazwa, na vitamini A na dawa ya minyoo kila miezi sita. Cha tatu maji: siku ya bomba yeye ndiye anayejaza, si anayeuliza kama yamejazwa.

KigodaChaBibi

Nimempa simu asome mwenyewe. Amesema mizani anayo. Basi wiki hii na ijayo ni vyombo tu, binti kwenye beseni, kijana visu na masufuria, mpaka watakaposhika. Swali la mwisho: hatuna kigoda kipana. Kreti la soda likipinduliwa linafaa kuweka beseni?

Chelewa

Moja peke yake ni fupi, atainama. Weka mawili, moja juu ya jingine, yafunge kwa kamba ya katani pande mbili, na juu utandike gunia lililokunjwa ili beseni lisiteleze. Lita saba au nane za maji zinatosha, usilijaze. Na kreti zikae ukutani, mdogo asizigeuze ngazi ya kufikia jiko.